Meno ya Msumeno Yasiyolika, na Kifua cha Anayeyanoa

Msomaji, chukua kalamu ya biro iliyo karibu nawe uitazame kwenye ncha. Pale mwisho mna kigololi kidogo, aghalabu hakizidi milimita moja, ambacho huviringika juu ya karatasi miezi nenda miezi rudi. Kimeloa wino saa zote, kinasuguana na karatasi na kikombe chake cha shaba, lakini hakiliki upesi wala hakishiki kutu. Katika kalamu nyingi kigololi hicho si chuma cha kawaida. Kimetengenezwa kwa unga wa namna mbili, mmoja mgumu kama jiwe na mwingine wa chuma laini, ukashindiliwa pamoja na kupikwa kwenye tanuri mpaka ukawa kitu kimoja.

Kitu hicho mafundi wa mjini petu hukiita kabaidi. Ndicho kilichochomelewa kwenye meno ya misumeno ya mviringo inayokata mbao na bodi za makabati kule Kisauni. Ndicho kilichowekwa kwenye ncha ya dirili inayotoboa kuta zetu za matumbawe na simiti. Mafundi wa mashine za kuchongea chuma huko Changamwe, wale wanaotengeneza vipuri vya malori na meli, hawawezi kufanya kazi siku moja bila kipande chake. (Isichanganywe na ile kabaidi inayotiwa maji ikatoa gesi ya kuchomelea, ambayo wafanyabiashara wasio na haya huivishia ndizi. Hiyo ni ya kalisi, na ina mambo yake ambayo tutayasema siku nyingine.)

Huenda ukajiuliza ukurasa wa afya unatafuta nini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jibu nalitoa kwa kisa.

Mwaka jana alinijia fundi mmoja wa Kisauni, umri wake miaka arobaini na kidogo, analalamika kifua. Kikohozi kikavu, na usiku humshika mkazo hadi akae kitandani ameinama. Havuti sigara, hali miraa ila mara moja moja. Nilimpima, nikasikia miluzi kidogo ya pumzi, nikampa dawa ya kuvuta ya pumu na nyingine ya kumeza. Alipata nafuu kidogo, akarudi baada ya mwezi hali ile ile. Nikabadilisha dawa. Akarudi tena. Kabla ya kunijia mimi alikuwa amekwisha kupimwa makohozi mara mbili kwenye zahanati nyingine, hayakuonyesha kifua kikuu, hata hivyo akaanzishiwa dawa za miezi 6 kwa kubahatisha. Alizimeza zote, naye akabaki vile vile.

Nakiri kwamba kosa langu lilikuwa dogo na la aibu. Kwenye kadi yake niliandika "fundi" nikaenda zangu. Mombasa kila mtu ni fundi. Sikumuuliza fundi wa nini.

Aliyefungua mlango ni mkewe. Alikuja naye safari ya nne, akakaa kimya muda wote, na nilipokuwa naandika dawa akasema, "Daktari, samahani, nikwambie kitu. Huyu mwenzangu alipokwenda Lamu kwa Maulidi, siku kumi nzima hakukohoa hata usiku mmoja. Alirudi kazini Jumatatu, Jumanne usiku nikaanza kumpigia mito mgongoni."

Nilidhani ni hewa ya Lamu. Kisha nikakumbuka nilichofundishwa chuoni na ambacho sisi madaktari wa kliniki, tukiwa na foleni mpaka nje ya mlango, husahau upesi: maradhi yanayopungua likizoni na kurudi kazini hutafutwa kazini. Nikamwambia, "Fundi, kesho nitapita kwako."

Karakana yake iko Mtopanga, kijumba cha mabati chenye mlango mmoja. Yeye kazi yake ni kunoa. Maseremala wa Kisauni, Bombolulu, Kongowea, hata wengine kutoka ng'ambo ya Likoni, humletea misumeno yao ya mviringo yenye meno ya kabaidi ikiwa butu, naye huyanoa meno moja moja kwenye gurudumu la jiwe linalozunguka kwa umeme. Huyanoa makavu, bila maji. Kila jino hutoa moshi mdogo wa kijivu usiofika hata dari. Unga wake ulikuwa umetanda kila mahali, juu ya redio, juu ya kalenda, kwenye vifuniko vya masikio. Jioni hupuliza kila kitu kwa hewa ya kompresa ili pawe safi. Mpwa wake, kijana anayejifunza kazi, alikuwa ameweka sahani ya mahamri na mbaazi juu ya meza ile ile, na mikono yake kuanzia kiganja hadi kwenye kifundo ilikuwa na upele uliopasuka ambao yeye aliuita "mba ya mafuta".

KASHATA YA CHUMA

Ili tuelewe kinachompata fundi huyu, lazima kwanza tuijue hiyo kabaidi yenyewe.

Kuna madini yaitwayo tangsteni, mazito sana, ndiyo yaliyotumiwa kwa uzi unaowaka ndani ya balbu za zamani. Tangsteni ikiunganishwa na kaboni hutoa unga wa kijivu ambao ugumu wake huzidiwa na vitu vichache tu duniani, almasi kikiwa cha kwanza. Wataalamu huuhesabu katika jamii ya kauri. Na kama kauri zote, una ila moja, nayo ni kuvunjika. Kikombe chako cha chai ni kigumu kuliko kijiko, lakini viangushe vyote viwili sakafuni uone kipi utakachozoa kwa ufagio.

Mwaka 1923 Mjerumani Karl Schröter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya taa ya Osram, alipata njia ya kuiondoa ila hiyo. Aliuchanganya unga wa kabaidi na unga wa chuma kingine kiitwacho kobalti, akaushindilia, akaupika. Kampuni ya Krupp ilianza kuuza bidhaa hiyo miaka michache baadaye kwa jina la Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi".

Mama aliyewahi kupika kashata hahitaji kusomeshwa zaidi. Karanga ni ngumu lakini kila moja iko peke yake. Sukari ikiyeyuka huingia katikati ya karanga, na ikipoa huzishika zote kuwa kipande kimoja. Hapa karanga ni kabaidi, sukari ni kobalti. Joto la tanuri hufika nyuzi 1,400 hivi za sentigredi, kobalti huyeyuka na kujipenyeza kati ya chembe, na kipande chote husinyaa kwa asilimia 15 hadi 20 kila upande kadiri nafasi tupu zinavyojaa. Kinachotoka ni kizito karibu mara mbili ya chuma cha pua cha ukubwa ule ule.

Kiasi cha kobalti hupimwa kwa makini. Aghalabu ni asilimia 6 hadi 10, ingawa kuna vipande vyenye asilimia 3 tu na vingine vinafika 25. Ukiipunguza, jino huwa gumu zaidi na haliliki, lakini likigonga msumari uliofichwa ndani ya mbao linameguka. Ukiizidisha, jino hustahimili kugongwa lakini huisha upesi. Chembe za kabaidi nazo zikisagwa ndogo zaidi, ugumu huongezeka. Ndiyo maana ncha ya dirili ya kutoboa mawe, inayopigwapigwa, haifanani na jino la kukatia bodi laini, japokuwa kwa macho yote ni kijivu kile kile.

Je, huisha vipi? Si karanga zinazoliwa kwanza. Msuguano hula sukari iliyo katikati, kidogo kidogo, mpaka chembe ngumu zinabaki zimechomoza hazina kinachozishika, kisha hung'oka. Kutu nayo hufuata njia hiyo hiyo. Chembe za kabaidi hazijali sana maji ya chumvi wala asidi nyepesi. Kobalti ndiyo inayoyeyuka. Tia kashata kwenye maji uone kama karanga zitayeyuka! Kipande cha kabaidi kikiachwa kwenye asidi hupoteza gundi yake, kikabaki kama jiwe la matumbawe lenye vitundu, unaweza kukifikicha.

Kwetu pwani, ambako umande wa chumvi hula mabati ya Likoni kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la fundi, jambo hili si la vitabuni tu. Kwa hiyo kwenye pampu zinazovuta maji ya bahari, watengenezaji huiacha kobalti na kutumia nikeli, pengine pamoja na kromiamu kidogo, kwa sababu inastahimili kutu zaidi. Lakini tafadhali kumbuka jina hilo, nikeli. Anayetafuta dawa ya kutu hukutana nayo kwa furaha, na daktari wa ngozi hukutana nayo kwa huzuni, kwa kuwa ni miongoni mwa vyuma vinavyoongoza kwa kuwasha ngozi za watu.

KINACHOTOKA KWENYE JINO KINAENDA WAPI

Jino la msumeno likiwa zima halimdhuru mtu ila limkate kidole. Seremala anayekata mbao kwa msumeno wa kabaidi anavuta vumbi la mbao, ambalo lina madhara yake, lakini kabaidi anayoivuta ni kiasi kidogo mno. Hatari iko kwa wawili: anayechanganya unga kiwandani kabla haujapikwa, na anayenoa. Viwanda vya kuchanganya unga huo viko ng'ambo. Wanaonoa tunao hapa.

Wajerumani ndio waliotangulia kuona, mwaka 1940, katika viwanda vyao wenyewe: wafanyakazi walikuwa na vivuli kwenye picha za kifua. Kwa miaka mingi palikuwa na mabishano juu ya nani mwenye hatia, tangsteni au kobalti. Mwaka 1984 madaktari wa Ubelgiji walieleza maradhi yale yale kwa wang'arishaji wa almasi ambao hawakugusa tangsteni kabisa. Magurudumu yao yalikuwa na unga wa almasi ulioshikwa kwa kobalti. Hapo gundi ikabaki peke yake kizimbani.

Mabishano hayakuishia hapo, maana watu wanaovuta kobalti tupu hawapatwi sana na ugonjwa huu wa ndani ya mapafu. Kwa nini ikiwa pamoja na chembe ngumu inakuwa kali zaidi? Katika miaka ya 1990 Dominique Lison na wenzake, pia wa Ubelgiji, walieleza jambo ambalo fundi yeyote wa betri atalielewa. Vyuma viwili tofauti vikigusana ndani ya majimaji yenye chumvi, kimoja hutoa umeme mdogo na kulika, mwenzake hubaki salama. Ndivyo boti inavyolika pale shaba inapokutana na chuma. Chembe ya vumbi la kabaidi, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ikitua ndani ya pafu lenye majimaji hufanya kazi hiyo hiyo. Kobalti hutoa umeme wake kwa kabaidi, kabaidi huupitisha kwa oksijeni tunayovuta, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali na kuunguza nyama laini iliyo karibu. Kwa maneno mengine, ile kutu ambayo mhandisi huiogopa kwenye pampu hutendeka ndani ya kifua cha mtu.

Na kuna ushahidi wa kusikitisha. Kobalti ikiisha kuyeyuka hupita kwenye damu na kutoka kwa mkojo. Daktari akikata kipande cha pafu miaka baadaye akakichunguza, mara nyingi haioni. Anaikuta tangsteni tu, imekaa pale pale. Mhalifu amekwisha kutoroka, kilichobaki ni shahidi.

Maradhi yenyewe huja kwa sura tatu, na mtu aweza kuwa na moja au zaidi.

Ya kwanza ni ya ngozi: mikono, vifundo vya mikono na pengine shingo huwasha, hupasuka, hutoa maji. Jasho la pwani huisaidia kobalti kuyeyuka. Mpwa wa fundi alikuwa na hii, na mafuta ya kupaka aliyouziwa dukani yalikuwa ya kuvu.

Ya pili ni pumu. Kifua hubana, aghalabu jioni au usiku baada ya kazi, pua hutiririka, na mtu hupata nafuu siku za mapumziko. Huweza kuanza baada ya miezi au miaka ya kazi, kwa sababu mwili hujifunza kuichukia kobalti polepole. Ukiisha kuichukia, kiasi kidogo sana hutosha. Ndiyo sababu mtu husema, "Lakini kazi hii nimeifanya miaka kumi bila neno!" Hilo si hoja.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Hii hushambulia pafu lenyewe, si mirija yake. Kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, kisha ukitembea sokoni, kisha ukivaa shati. Uzito hupungua. Ncha za vidole huweza kuvimba na kucha kupinda. Mtu akiondolewa mapema kwenye vumbi, wengi hupata nafuu, pengine kwa msaada wa dawa za steroidi. Akichelewa, pafu hushika makovu, na kovu la pafu halina dawa ya kulirudisha. Si kila anayevuta vumbi hili hupatwa, ni wachache kati ya wengi, na yaonekana baadhi yetu huzaliwa na maumbile yanayoipokea kobalti vibaya. Lakini hakuna anayejua mapema kama yeye ni katika hao wachache.

Hebu soma tena dalili hizo. Kikohozi, kukonda, kuishiwa pumzi. Kwa mji kama wetu, kila mtu atasema jina moja: kifua kikuu. Na ni sawa kulisema kwanza! Kikohozi kikizidi wiki mbili, kapime makohozi, kipimo cha kisasa hutoa jibu kwa muda wa saa chache na hutolewa bure katika hospitali za serikali. Asiyepima kwa sababu amesoma makala haya atakuwa amenifahamu vibaya sana. Ninachosema ni kwamba vipimo vikikataa na dawa zikishindwa, tusirudie dawa zile zile. Tumuulize mgonjwa mikono yake hufanya nini mchana.

Fundi wangu alinieleza kuhusu mzee wa Magongo aliyemfundisha kunoa, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Mzee huyo alimeza dawa za kifua kikuu mara mbili, akaishia kulala amekaa, akafariki kabla hajafika sitini. Jirani walisema ni kifua. Mimi sikumwona, siwezi kumwandikia cheti leo. Lakini fundi aliposimulia alikuwa anatazama gurudumu lake, na mpwa wake alikuwa anatusikiliza.

Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kobalti pamoja na kabaidi ya tangsteni mwaka 2006 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2022 kobalti yenyewe, bila kabaidi, ikatangazwa kuwa katika kundi hilo hilo.

Msomaji mwerevu atauliza: si tunaambiwa kobalti imo katika vitamini B12? Naam, imo, na bila vitamini hiyo damu yetu hupungua. Lakini kipimo ndicho kila kitu. Katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji wa bia huko Quebec, Kanada, waliongeza chumvi ya kobalti ili povu lidumu kwenye bilauri. Wanywaji wakubwa wa bia hiyo wakaanza kufa kwa moyo kuvimba, mpaka kobalti ikaondolewa.

Sisi wa bara la Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa kutoka Kanada juu ya vyuma mwilini. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kilipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Lakini pale palikuwa na bomba la moshi, kila mtu aliliona. Kijumba cha fundi wa kunoa hakina bomba. Pana mtu mmoja, kijana mmoja, na redio.

LA KUFANYA

Kwanza, dawa ya kujua. Kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupuliza, kinapima nguvu ya pumzi, bei yake haizidi sana ya viatu vya kawaida. Nilimpa fundi, nikamwambia apulize mara nne kwa siku na kuandika, kwa wiki mbili za kazi na wiki mbili za kupumzika. Aliandika kwenye daftari la hesabu za wateja, pembeni mwa madeni. Siku za kazi nambari zilishuka kila jioni na kufikia chini kabisa Ijumaa usiku. Wiki za kupumzika zilinyooka kama kamba ya nguo. Picha ya kifua, pamoja na ile ya kompyuta tuliyomtuma kuipiga kisiwani, zilikuwa safi. Kwa hiyo ni pumu, makovu bado. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamshukuru mkewe.

Shauri la kitabu ni moja: mtu aliyekwisha kupata pumu ya kobalti aiache kobalti. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nani atalipa karo ya shule. Daktari anayetoa shauri la kitabu na kunyamaza hapo, mgonjwa wake hurudi kwenye vumbi lile lile na hapandi tena ngazi za kliniki. Kwa hiyo tulikaa tukapanga, tukijua kwamba ni mpango wa pili kwa ubora.

Kunoa kukavu kumekwisha. Maji yanayotiririka juu ya jino hukamata vumbi kabla halijaruka. Lakini hapa pana mtego ambao hata wenye viwanda vikubwa waliunasa: maji yanayozungushwa tena na tena huyeyusha kobalti na kuikusanya, kisha gurudumu likiyarusha kama ukungu, mtu anavuta kobalti iliyokwisha kuyeyuka tayari. Yabadilishwe mara kwa mara, na gurudumu liwe na kifuniko. Feni ya kunyonya iwekwe pale pale jino linapogusa jiwe, si dirishani. Kompresa isitumike kusafisha kabisa, wala ufagio mkavu; kitambaa kilicholowa kinatosha. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, na mahamri yahame chumba. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na za watoto.

Barakoa? Zile za kitambaa na zile za buluu tulizozizoea wakati wa korona hazizuii vumbi hili. Inatakiwa ile ngumu ya N95 au iliyo bora zaidi, na ikae usoni bila mwanya. Sasa, wengi wa mafundi wetu ni watu wa ndevu, na ndevu huacha mwanya. Simwambii mtu anyoe. Namwambia asiitegemee barakoa, aitegemee feni na maji.

Kwa walioajiriwa, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, pawe kiwandani au kibandani, na inamtaka mwenye mahali hapo achukue hatua za kuwalinda watu na vumbi linalotokana na kazi. Ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inahusu pia maradhi yanayotokana na kazi, si mikono iliyokatika tu. Tatizo ni kwamba fundi aliyejiajiri hana wa kumdai. Yeye ndiye tajiri, yeye ndiye kibarua.

Nimalizie maswali mawili ninayoulizwa sana tangu nianze kulisema jambo hili. Mtu anayetoboa ukuta nyumbani kwa dirili yenye ncha ya kabaidi asihofu kobalti. Ahofu vumbi la ukuta, hasa simiti na mchanga, ambalo lina kitu kiitwacho silika chenye maradhi yake ya mapafu. Ukuta wa matumbawe una silika kidogo, lakini vumbi ni vumbi, fungua madirisha. La pili ni zile pete za ndoa za tangsteni zinazouzwa siku hizi, nyeusi au za fedha, zisizokwaruzika. Nyingine zimeshikwa kwa kobalti, nyingine kwa nikeli. Kidole kikianza kuwasha chini ya pete, ivue, na umweleze mwenzio kwamba ni amri ya daktari. Jambo moja zaidi: pete hizo haziwezi kukatwa kwa mkasi wa hospitali kidole kikivimba, hubanwa kwa koleo ya kubana mpaka zivunjike, kama kikombe.

Fundi anaendelea. Gurudumu sasa liko nje chini ya mkungu, lina chupa ya maji juu yake na kifuniko alichokikata mwenyewe kutoka kwenye debe. Dawa ya kuvuta bado anaitumia asubuhi na jioni, na kila baada ya miezi mitatu anakuja kupuliza mashine kubwa. Mikono ya mpwa imepona tangu avae glavu na kuacha kuchezea matope ya jiwe. Juma lililopita alinipigia simu kuniuliza maji machafu ayamwage wapi, maana mtaro wao unakwenda moja kwa moja kwenye kisima cha jirani. Nilimwambia ayaache yatulie kwenye ndoo, matope ya chini ayaweke kwenye mkebe wenye kifuniko. Alinijibu kwamba vipande vya meno yaliyovunjika amekwisha kuvipatia mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwamba atauliza kama matope nayo yana bei.